Mama kapandikizwa lenzi baada ya mtoto wa jicho, mbona bado haoni mbali? Hesabu ilikosewa wapi?

#1 MwanaTausi
Wakuu, habari. Naomba msaada wa kuelewa, maana hospitali nimeuliza mara mbili na nimejibiwa "atazoea" tu.

Mama yangu ana miaka 67. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa kabisa, mboni imegeuka nyeupe, akawa anatofautisha mwanga na giza tu. Wiki 6 zilizopita alifanyiwa upasuaji na kuwekewa lenzi. Tuliambiwa ataona mbali bila miwani, ila ya kusomea atahitaji. Imekuwa kinyume. Maandishi madogo ya kwenye chupa ya dawa anayasoma bila taabu, lakini mtu akisimama upande wa pili wa chumba hamtambui mpaka aseme neno. Kipimo cha juzi kinasema -2.25, na astigmatizimu (mpindo wa jicho usio sawa pande zote) -0.75.

Jicho haliumi wala si jekundu. La kushoto nalo lina mtoto wa jicho, bado mchanga, na zamu yake ni mwezi ujao. Kinachoninyima usingizi ni hiki: kama hatujui la kwanza lilikosewa wapi, la pili tutalikingaje?

#2 Kobe Mpole
Mpe pole mama. Sioni kosa hapo mkuu. Alikuwa haoni kitu, leo anasoma chupa ya dawa. Mkatie miwani ya mbali maisha yaendelee.

#3 ZamuYaUsiku
Kobe, kutokuona kabisa na kuona ndivyo sivyo ni mambo mawili, na mleta uzi ana haki ya kuuliza. Mimi ni muuguzi, nimekaa wodi ya macho miaka mingi.

Tusome kwanza namba yenyewe. Jicho la -2.25 linaona vizuri kwa umbali wa mita 1 ukigawanya kwa 2.25, yaani kama sentimita 44. Hapo ndipo mtu anaposhika chupa ya dawa. Kwa hiyo lenzi inafanya kazi, retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) inafanya kazi, ila nguvu ya lenzi imezidi mahitaji ya jicho. Picha inaangukia mbele ya retina badala ya juu yake.

Akianza kusikia maumivu, wekundu, vimulimuli, au pazia jeusi, msingoje majibu ya uzi huu. Siku hiyo hiyo hospitali.

#4 Jabali77
Mtoto wa jicho kamrudia huyo. Shangazi yangu ilikuwa hivi hivi, alianza kuona ukungu, akapigwa leza dakika tano akapona.

#5 ZamuYaUsiku
Jabali, mtoto wa jicho harudi, maana lenzi yenyewe iliyochafuka imeshatolewa. Kilichomkuta shangazi ni kile kifuko chembamba kinachoachwa ili kishike lenzi mpya. Ukuta wake wa nyuma huweza kufifia baada ya miezi au miaka, na leza inauwekea tundu katikati. Ile ni dawa ya ukungu. Haigeuzi -2.25 kuwa sifuri.

Na hapa MwanaTausi shika kalamu. Kama bado mnafikiria kuibadili lenzi, msikubali leza ya kifuko kabla uamuzi huo haujafanyika. Kifuko kikishatobolewa, kutoa lenzi na kuweka nyingine kunakuwa kugumu na kwa hatari zaidi.

#6 FundiVipimo
Nimepima macho ya watu kabla ya upasuaji kwa muda mrefu, kwa hiyo nitauliza kama fundi. Urefu wa jicho ulipimwa kwa mashine gani? Ile ya kuweka kidevu na kutazama taa, ambayo haigusi jicho? Au alitiwa matone ya ganzi kisha wakamgusa kwa kalamu ndogo?

#7 MwanaTausi
Yote mawili. Ya kuangalia taa ilikubali jicho la kushoto tu. La kulia walijaribu mara nyingi mashine ikakataa, wakaja na kalamu. Nilikuwepo, nilimshika mkono. Fundi aliligusa jicho kama mara nne, tano.

Karatasi nimeipata. Kulia urefu 22.41. Kushoto 23.06. Konea (kile kioo cha mbele cha jicho) zote mbili wastani wake umeandikwa 43.5. Lenzi iliyowekwa 23.5. Imeandikwa pia 118.4, sijui ni ya nini.

#8 FundiVipimo
Sasa tunazungumza.

Mashine ya taa hutuma mwanga hadi ndani ya jicho na kusoma unaorudi. Mtoto wa jicho akiwa mweupe kabisa, mwanga haupiti. Mashine mpya zaidi hupenya kwa nguvu kuliko zile za kwanza zilizotoka 1999, lakini kuna macho yanayozishinda hata hizo. Ndipo tunarudi kwenye ultrasaundi.

Kalamu ya ultrasaundi ikigusa konea, konea ni laini, inabonyea. Ukiibonyeza kwa milimita 0.3, umepima jicho fupi kwa milimita 0.3. Hesabu inaamini jicho ni fupi, inaagiza lenzi yenye nguvu zaidi, na mgonjwa anatoka haoni mbali. Ndiyo sababu wengine huweka kikombe kidogo cha maji juu ya jicho, kalamu ikaelea ndani ya maji isiguse konea.

Milimita 1 ya kosa la urefu ni kama dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3 kwenye miwani. Macho ya mama yametofautiana milimita 0.65. Nilikofundishwa, tofauti ikizidi 0.3 unasimamisha kazi, unapima upya, unamwita mwenzako naye apime. 0.65 mara 2.7 inakupa karibu 1.75. Robo tatu ya kosa lenu iko hapo.

#9 Hesabu_Tamu
FundiVipimo umefikia hukumu mapema. Umechukulia kwamba jicho la kulia lazima lilingane na la kushoto. Wapo watu wenye macho mawili ya urefu tofauti tangu utotoni. Huenda 22.41 ni kweli tupu.

MwanaTausi, hiyo 118.4 ni namba ya aina ya lenzi. Kila lenzi ina yake, kutegemea umbo lake na mahali inapokaa ndani ya jicho. Kanuni rahisi kuliko zote, ile ya SRK ya 1980, inasema: nguvu ya lenzi = namba hiyo, toa 2.5 mara urefu, toa 0.9 mara konea. Kwa mama: 118.4 - 56.0 - 39.15 = 23.2. Wakaweka 23.5. Kwa hiyo hesabu yenyewe haikukosewa, kwa vipimo walivyokuwa navyo. Ukiweka urefu wa jicho la kushoto inatoka 21.6.

(Leo hakuna sababu ya kutumia SRK ya 1980 kwa mgonjwa. Naitumia hapa kwa kuwa inafanyika kwa penseli na inaonyesha uzito wa kila kipimo.)

#10 FundiVipimo
Hesabu_Tamu, sijahukumu, nimeonyesha mahali pa kuanzia kuchimba. Lakini kuna njia ya kujua kama macho yalikuwa tofauti tangu zamani. MwanaTausi, mama alikuwa na miwani kabla ya mtoto wa jicho? Hata ya miaka mingi. Itafute, ipelekwe kusomwa.

#11 Dereva_Mstaafu
Naingilia kidogo. Mimi lenzi yangu ilikosewa upande wa pili, nilitoka na +1.75, sioni karibu wala mbali. Sababu ilikuja kujulikana baadaye: miaka 14 kabla nilifanyiwa leza ya kuondoa miwani, na siku ya vipimo sikuulizwa nami sikusema. Nilidhani ni habari ya zamani isiyohusiana.

Nawasihi wote wanaosoma hapa, semeni. Leza hiyo hubadilisha uso wa mbele wa konea, na mashine ya kawaida inakadiria nguvu ya konea nzima kwa kutazama uso huo wa mbele tu. Inadanganyika, inaiona konea ina nguvu kuliko ilivyo, lenzi inayotoka ni dhaifu. Kuna kanuni maalumu kwa macho ya namna hii, lakini daktari hawezi kuitumia kwa jambo asilolijua.

#12 Msomaji wa Usiku
Asante mzee Dereva. Sasa hiyo +1.75 uliitatuaje?

#13 Dereva_Mstaafu
Niliongezewa lenzi ya pili nyembamba mbele ya ile ya kwanza. Daktari alinieleza kuwa kwa aliyebaki na chanya, unazidisha kosa lake kwa 1.5, hiyo ndiyo nguvu ya lenzi ya kuongeza. Kwangu ikawa kama 2.5. Ya kwanza haikuguswa. Leo naona mbali vizuri, kusoma navaa miwani.

#14 Mwalimu wa Zamu
Uzi huu unanikumbusha kwamba kosa hili lina umri sawa na lenzi zenyewe. Harold Ridley wa London, aliyepandikiza lenzi ya kwanza mwaka 1950, mgonjwa wake wa kwanza alitoka na kosa la dayopta zaidi ya 15. Hakukuwa na kanuni ya kukokotoa. Alipata wazo la plastiki baada ya kuona marubani wa vita waliokuwa na vipande vya madirisha ya plastiki ya ndege machoni, na jicho halikuvikataa.

#15 Hesabu_Tamu
Mwalimu, tarehe inayotajwa ni 29 Novemba 1949, hospitali ya St Thomas'.

#16 Mwalimu wa Zamu
Na mimi nasimama na 1950, Hesabu. Siku ile ya Novemba ilikuwa hatua ya kwanza, lakini lenzi iliyoachwa jichoni moja kwa moja ni ya 8 Februari 1950. Wote wawili tumepasi, gawana alama.

Kanuni ya kwanza ya kukokotoa ilikuja 1967 kwa Fyodorov, huko Urusi ya Kisovieti. Kabla ya hapo wengi waliweka lenzi ya nguvu moja kwa karibu kila mtu.

#17 KiooSafi
Samahani natoka nje ya njia. Mama anasemaje kuhusu rangi? Mimi baada ya jicho la kwanza nilishtuka. Shuka niliyodhani ni ya maziwa kumbe ni nyeupe kabisa.

#18 MwanaTausi
KiooSafi umenichekesha, jana ndiyo ilikuwa hadithi yake. Anafunga jicho moja, anafungua jingine, anasema la kulia lina asubuhi na la kushoto lina jioni.

#19 Mwalimu wa Zamu
Mama ametamka vizuri kuliko vitabu. Lenzi ya asili huwa ya manjano kadiri mtu anavyozeeka, inakula rangi ya buluu. Mchoraji Claude Monet alipofanyiwa jicho la kulia mwaka 1923 alilalamika sana juu ya rangi. Na yeye hakuwekewa lenzi yoyote, alipewa miwani minene ya enzi zile, inayokuza kila kitu kwa kama robo.

#20 Jabali77
Turudi kwa mama jamani. Mimi sasa nahisi lenzi ilibadilishwa. Waliweka ya mgonjwa mwingine. Inatokea.

#21 ZamuYaUsiku
Inatokea, ndiyo, na ndiyo maana chumba cha upasuaji chenye nidhamu husimama na kutaja kwa sauti jina, jicho gani, aina ya lenzi na nguvu yake kabla sanduku halijafunguliwa. Lakini hili linathibitika. Kila lenzi huja na vibandiko vyenye nguvu na namba yake ya mfululizo, kimoja kinabandikwa kwenye faili, kingine kwenye kadi ya mgonjwa. MwanaTausi, angalia kadi ya mama.

#22 MwanaTausi
Nimeangalia. Kibandiko kinasema 23.5, jina la mama ni sahihi, jicho la kulia. Kwa hiyo Jabali, tuiweke pembeni hiyo.

Na miwani ya zamani imepatikana! Ilikuwa ndani ya kikapu cha ushonaji. Alikatiwa kama miaka 15 iliyopita. Kulia +0.50, kushoto +0.75.

#23 FundiVipimo
Karibu sawa kwa sawa. Kama jicho la kulia lingekuwa fupi kwa 0.65 na konea zinafanana, miwani ya zamani ingeonyesha upande wa kulia una chanya zaidi, dayopta moja na nusu au zaidi. Badala yake una chanya pungufu kidogo. Kwangu mimi ushahidi umeelemea kwenye kalamu.

#24 Hesabu_Tamu
Umeelemea, haujatosha. Lenzi za asili za macho mawili si lazima zifanane, moja inaweza kufidia upungufu wa nyingine. Lakini nakiri, sasa nakuelewa.

#25 Ngazi ya Saba
Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Mimi ni daktari wa macho, siyo daktari wa mama, kwa hiyo chukueni maneno yangu kama ya mpita njia.

Wote mnazungumzia urefu. Kuna kitu ambacho hakuna mashine inayokipima kabla ya upasuaji, nacho ni mahali lenzi itakapotulia. Kanuni zote, ya zamani na mpya, zinabashiri hilo. Lenzi ikikaa mbele zaidi ya ilivyobashiriwa, nguvu yake inaongezeka na mtu anakuwa hasi. Milimita 1 mbele ni kama dayopta 1 au zaidi. Kanuni kama Barrett na Kane zinafanya vizuri kwa sababu zinabashiri mahali hapo kwa busara zaidi.

Maswali yangu matatu. Je, kifuko kilipasuka wakati wa upasuaji? Kikipasuka, lenzi mara nyingi huwekwa mbele ya kifuko, na daktari hupunguza nguvu kwa 0.5 hadi 1.0. Asipopunguza, anabaki na hasi. La pili, tundu la mbele la kifuko lilikuwa la ukubwa gani? Tunapenda milimita 5 hadi 5.5, lizunguke na kufunika ukingo wa lenzi pande zote. Likiwa kubwa mno au la upande, lenzi husogea mbele au kuinama. La tatu, kipimo cha wiki ya kwanza kilikuwa kiasi gani? Wakati mwingine maji hunaswa nyuma ya lenzi na kuisukuma mbele, hapo kipimo huwa hasi sana mwanzoni kisha hushuka maji yakiondoka.

#26 MwanaTausi
Shukrani sana daktari. Wiki ya kwanza ilikuwa -2.50, sasa -2.25. Kuhusu kifuko, karatasi inasema upasuaji ulikwenda bila tatizo na lenzi iko ndani ya kifuko. Tundu sijui.

#27 Ngazi ya Saba
Basi maji yananishawishi kidogo tu, na nafasi ya mbele ya kifuko tunaiondoa. Omba wampanue mboni na kutazama kwa taa kama ukingo wa lenzi umefunikwa pande zote. Na omba jambo moja ambalo ni rahisi: jicho la kulia lipimwe tena urefu kwa mashine ya taa. Mtoto wa jicho hayupo tena, mwanga utapita. Wachague tu kwenye mashine kwamba jicho lina lenzi ya kupandikizwa.

#28 Kobe Mpole
Kwani lenzi yenyewe kiwandani haiwezi kuwa na kosa? Imeandikwa 23.5 kumbe 25.

#29 Ngazi ya Saba
Swali zuri Kobe. Lenzi hutengenezwa kwa hatua za 0.5, na kiwango cha kimataifa kinaruhusu lenzi iliyo kati ya 15 na 25 itofautiane na maandishi yake kwa 0.4. Hiyo ni karibu 0.3 kwenye miwani. Inaweza kuchangia, haiwezi kubeba 2.25 peke yake.

#30 Tumaini Jema
Na ile astigmatizimu -0.75 je? Mimi nililipia lenzi ya toriki kwa ajili hiyo, na bado nimebaki na 1.25. Ninaona herufi zina kivuli upande mmoja. Naandika haya nikiwa na huzuni, maana nilitarajia mengi.

#31 Ngazi ya Saba
Pole sana Tumaini. Kwa mama -0.75 si kubwa, na jumla ya tatizo lake haiko huko. Kwako wewe, swali la kwanza ni kama lenzi imezunguka. Lenzi ya toriki ina mhimili, na kila digrii 1 ya kuzunguka inapoteza karibu asilimia 3.3 ya kazi yake. Digrii 10 umepoteza theluthi. Digrii 30 haina faida tena. Jicho lenyewe huzunguka kidogo mtu anapolala chali, ndiyo maana tunaweka alama kwenye konea akiwa bado ameketi.

Sababu ya pili ni uso wa nyuma wa konea. Kwa watu wengi uso huo una astigmatizimu yake ndogo ambayo mashine za kawaida haziioni, wanaikadiria. Na ya tatu ni jicho kavu siku ya kupimwa, machozi yakiwa mabovu namba za konea hurukaruka. Waliovaa lenzi za kuvaa juu ya jicho nao huombwa waache wiki moja au mbili kabla ya vipimo, na zile ngumu wiki zaidi, ili konea irudi kwenye umbo lake.

Lenzi iliyozunguka huweza kurudishwa kwenye mhimili wake, na wiki za mwanzo ni rahisi zaidi. Usisubiri mwaka.

#32 Tumaini Jema
Nina wiki ya tano leo. Nakwenda kesho.

#33 MwanaTausi
Wakuu nimerudi. Hospitali walikubali kupima tena, nikawaomba wanichapie. Jicho la kulia kwa mashine ya taa: 22.88. Mboni ilipanuliwa, daktari akasema ukingo wa lenzi umefunikwa karibu wote isipokuwa sehemu ndogo upande wa juu.

#34 FundiVipimo
22.88 toa 22.41 ni 0.47. Hiyo ndiyo kalamu. 0.47 mara 2.7 ni karibu 1.25. Nasema kwa masikitiko, si kwa kushangilia, maana ni kazi yetu sisi mafundi.

#35 Hesabu_Tamu
Na macho yake yanatofautiana kweli, 22.88 na 23.06, kidogo. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli.

Lakini kubonyeza kwa kawaida kunapoteza 0.1 hadi 0.3. 0.47 ni nyingi kwa mkono wa mtu aliyezoea. Huenda kalamu ilielekezwa pembeni pia, isilenge katikati ya retina, hasa kwa mgonjwa asiyeona pa kutazama. Tena ukitumia penseli yangu, SRK inatoa 22.05 kwa urefu mpya. Lenzi ilizidi kwa 1.2 kutoka 23.2. Dayopta 1 ya lenzi ni kama 0.7 kwenye miwani, basi ni 0.8 tu, siyo 1.25. Bado kuna dayopta moja na nusu haina mwenyewe.

#36 FundiVipimo
SRK ndiyo inayokudanganya hapo, ulisema mwenyewe haifai kwa mgonjwa. Ile 2.5 ilipatikana kwa takwimu za wagonjwa wengi, si kwa hesabu za mwanga. Kwa fizikia ya kawaida, kwa jicho la milimita 22 na kitu, ni 2.7. Na walilenga ngapi? Wengi hawalengi sifuri, hulenga -0.25 au -0.50 kwa usalama, maana chanya humsumbua mtu kuliko hasi ndogo.

#37 Ngazi ya Saba
Tuseme lengo -0.50, urefu 1.25. Zimebaki 0.50, ambazo lenzi kukaa mbele kidogo pale juu isikofunikwa inaweza kuzieleza, au kosa la konea, au lenzi kuwa kwenye ukingo wa kiwango. Sitaweza kuwaambia ni ipi. Wenzangu wanaofuatilia matokeo yao hutumia kigezo kilichowekwa Uingereza 2009: asilimia 85 ya wagonjwa ndani ya dayopta 1 ya lengo, na asilimia 55 ndani ya nusu dayopta. Kwa mashine na kanuni za sasa wengi wanakipita. Lakini ona maana yake: hata pazuri kabisa, wapo wanaobaki nje.

#38 Msomaji wa Usiku
Jicho la pili sasa. Nimewahi kusikia kwamba ukishajua kosa la jicho la kwanza, unarekebisha la pili kwa nusu ya kosa hilo. Kwa hiyo wapunguze dayopta 1?

#39 Ngazi ya Saba
Hapana! Nusu hiyo ni kweli, ila kwa kosa linalotokana na mwili wa mgonjwa, yaani lenzi kukaa mahali tofauti na ilivyobashiriwa, kwa kuwa macho mawili ya mtu mmoja huwa na tabia moja. Kosa la kalamu halirithiwi na jicho la kushoto, ambalo lilipimwa kwa taa. Ukipunguza dayopta 1 pale, utamwachia mama chanya. Zile 0.50 zisizo na mwenyewe, hizo ndizo unazoweza kufikiria nusu yake, 0.25, ambayo ni ndogo kuliko hatua moja ya lenzi.

#40 Hesabu_Tamu
Hapa ndipo uzi umelipa. Kujua sababu kunabadilisha lenzi ya pili.

#41 Kobe Mpole
Nafuta kauli yangu ya #2. Na la kulia, watalitoa?

#42 MwanaTausi
Daktari ametoa njia tatu. Kubadili lenzi, na akasema kama ni kubadili iwe mapema kabla kifuko hakijaishikilia. Leza ya konea. Au kuliacha lilivyo na kulenga la kushoto kuona mbali, moja la karibu na moja la mbali.

#43 KiooSafi
Mimi niko hivyo kwa makusudi, la kulia mbali, la kushoto -1.25. Nilizoea kwa wiki tatu hivi. Ila -2.25 ni pengo kubwa kuliko langu. Hisi ya kina hupungua, ngazi na kumimina chai vinahitaji uangalifu mwanzoni. Ajaribu kwanza kabla ya kuamua: avae lenzi ya kuvaa juu ya jicho siku kadhaa kuigiza hali hiyo.

#44 ZamuYaUsiku
KiooSafi ana hoja, ila jicho la kushoto bado lina mtoto wa jicho, majaribio hayo hayatasema yote. Muulizeni mama anataka nini. Nimeona familia zikibishana juu ya namba huku mwenye jicho ameketi pembeni kimya.

#45 MwanaTausi
Nimemuuliza usiku huu. Amesema hataki kurudi mezani kwa jicho la kulia, amefurahi kutia uzi kwenye sindano bila kumwita mtu, jambo ambalo hajalifanya kwa miaka minane. Anataka la kushoto limwonyeshe nani anaingia mlangoni. Nimemweleza habari ya pengo na ngazi, akasema atashika ukuta.

Nimeomba la kushoto lipimwe mara mbili na mafundi wawili, na lengo liandikwe kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe. Tumaini Jema, uliambiwaje?

#46 Tumaini Jema
Imezunguka digrii 12. Wanairudisha Alhamisi.